Marisau Kiatuni

Kosa langu lilianza kwenye namba. Bunduki yangu ya marisau, yaani ya kurusha vipira vidogo vingi kwa mpigo, ni ya namba 12, maganda ya shaba niliyonunua nijaze risasi mwenyewe yameandikwa 12, basi nikachukua na vizibo vya 12 vya kukaa kati ya baruti na marisau, nikajiona fundi kamili. Nani angeniambia kitu?

Na maganda yenyewe mazuri jamani! Ya plastiki unayajaza mara chache yanachakaa. Haya ukiyaosha vizuri unakaa nayo miaka. Jioni nzima niliinama mezani: fataki ya kuwasha baruti kitakoni, baruti nyeusi, kadi, kizibo cha sufu, marisau, kisha kadi nyembamba juu na gundi ya kuishikilia. Ganda la plastiki hukunjwa mdomo, kila kitu kikatulia ndani. La shaba halikunjwi. Pale juu tegemeo ni gundi tu. Mimi gundi nikaibania kama dawa ya macho. La mwisho nilipolitikisa sikioni lililia kama kayamba. Nikafurahi. Nilidhani ndiyo sauti ya ganda lililoshiba.

Kesho yake uwanja wa shabaha. Shemeji kazi yake kurusha visahani vya kulengwa, mzee aliyenifundisha kujaza kakaa nyuma yetu, masikio kayaziba.

"Rusha!"

Nikafyatua mtutu wa kulia. Sasa, baruti nyeusi haina siri. Zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa: inabaki chembe, nyingine zinaganda mtutuni kama masizi, nyingine zinakuwa moshi. Nilimezwa na wingu jeupe hata ncha ya bunduki siioni.

"Shemeji, kimevunjika?"

"Kimetua, shemeji. Kinapumzika kwenye nyasi."

Nikainamisha bunduki kungoja moshi uondoke. Hapo nikasikia chwa, chwa, chwachwachwa, kama mtu anamimina mtama kwenye ungo. Nikapuuza. Moshi ukapungua, nikaita kisahani cha pili, nikafyatua mtutu wa kushoto.

Bunduki ilikohoa. Puu! Kizibo kikatoka kinafuka, kikaanguka hatua chache mbele, shemeji mbio kukikanyaga kabla nyasi hazijashika moto.

"Simama hapo hapo!" Mzee alikuwa tayari amenyanyuka. "Fungua bunduki."

Akachungulia mitutu yote miwili kwenye mwanga. Kizibo kikikwama humo, risasi inayofuata inaweza kupasua mtutu, na hilo mzee halifanyii utani. Ilikuwa mitupu. Akachukua ganda moja kwenye mkanda wangu, akalitikisa.

"Hii risasi au ngoma?"

Akabandua kadi kwa ukucha, ikatoka bila ubishi. Akamwaga marisau kiganjani, akabonyeza kizibo kwa kidole: kikalala upande kama mlevi.

"Umeweka namba ngapi?"

"Kumi na mbili, mzee. Si bunduki ni kumi na mbili?"

"Bunduki, ndiyo. Ukuta wa shaba ni mwembamba kuliko wa plastiki, kwa hiyo ndani ni kupana zaidi. Hili linataka kizibo cha kumi na moja, au hata kumi."

"Lakini mzee, kumi si kitakuwa kidogo zaidi?"

Alinitazama kwa huruma ambayo sijaisahau. "Namba hiyo ni hesabu ya golori za madini ya risasi, kila moja nene kama tundu la mtutu, zinazotimiza ratili moja. Ratili ikigawanywa golori kumi na ikigawanywa kumi na mbili, zipi nene?"

Nilijibu kwa sauti ya chini sana.

"Basi teke la mtutu wa kwanza limeng'oa kadi ya huu wa pili. Ulipoinamisha bunduki, marisau yakatoka yenyewe kwa miguu yao."

"Yamekwenda wapi?" shemeji akauliza.

Nikapiga hatua moja. Buti langu la kushoto, ambalo kamba sikuwa nimefunga, likalia kayamba.

"Na mdomo wa bunduki," mzee akasema, pole pole kabisa, "ulikuwa unatafuta nini juu ya kiatu?"

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Nyumbani niliosha maganda kwa maji ya moto na sabuni, yakatoa maji meusi yenye harufu ya yai viza, mke wangu akafungua madirisha yote bila kusema neno. Buti nililikung'uta mara tatu. Shemeji naye kila nikifika uwanjani ananipokea kwa swali moja: "Leo marisau umeyabeba, au umeyavaa?"