Na wale wanawake sita wa ENIAC?

Mwandishi, asante kwa makala ya historia ya kompyuta, lakini pale kwenye ENIAC, ile kompyuta ya mwanzo ya kielektroniki iliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi la Marekani na kuzinduliwa 1946, umewataja John Mauchly na Presper Eckert tu, ukapita. Imeniuma. Hao wawili waliibuni mashine kweli, hakuna anayebisha. Ila nani waliipangia hesabu zake? Ni Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman.

Lugha za programu zilikuwa bado. Mwanzoni hata chumba cha mashine hawakuruhusiwa kuingia kwa sababu ya siri za jeshi, wakajifunza kwa kukodolea macho michoro ya nyaya. Kuipa ENIAC kazi mpya maana yake ilikuwa kuchomoa nyaya na kuzichomeka upya, kuzungusha swichi moja baada ya nyingine, siku kadhaa. Valvu zilikuwa kama 18,000, za kioo kama zile za redio za zamani, na walifikia hatua ya kutambua ni ipi iliyokufa.

Snyder na Jennings ndio walioandaa hesabu ya njia ya kombora la mzinga iliyoonyeshwa kwa wageni Februari ile, huko Philadelphia. Jibu lilitoka upesi kuliko kombora lenyewe linavyoruka. Usiku kukawa na karamu. Hawakualikwa.

Tafadhali ongeza majina yao. Binti zangu wawili wanasoma kompyuta, na makala hii nilitaka kuwatumia leo.