Namba 256 haitoshi: soma jina la saifa kuanzia mwanzo

Kuna mstari wa mipangilio ya nginx (programu ya seva za tovuti), wa kuchagua saifa, yaani mbinu za kufunga mawasiliano, unaozunguka kwenye magrupu ya mafundi wa mitandao hapa Mwanza. Unanakiliwa kutoka seva moja kwenda nyingine, na kila anayeubandika anaona kazi imekwisha:

ssl_ciphers HIGH:!aNULL:!MD5;

Muulize aliyeuweka kama nywila za wateja wake ziko salama. Jibu ni lile lile: "Tunatumia 256, mkuu, haivunjiki." Jibu hilo linanikera kwa sababu nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayomlaza mtu usingizi.

AES, mbinu ya kufunga data, ya ufunguo wa biti 256 haijavunjwa. Hata ya 128 haijavunjwa. Ilitokana na mashindano ya wazi yaliyoanza na mapendekezo 15, ikashinda Rijndael ya Wabelgiji Joan Daemen na Vincent Rijmen, na ikawa kiwango rasmi mwaka 2001. Wataalamu wa dunia nzima wameishambulia tangu wakati huo, na bado imesimama. Kwa hiyo mwizi hapotezi muda kuivunja. Anatafuta ufunguo. Swali la kumuuliza fundi ni hili: ufunguo wa kila muunganisho unapatikanaje?

Weka majina haya mawili kando kwa kando:

AES256-GCM-SHA384
ECDHE-RSA-AES128-GCM-SHA256

Wengi watachukua la kwanza kwa sababu ya 256. Hilo ndilo baya. Angalia mwanzo wake: hakuna ECDHE, njia ya pande mbili kukubaliana ufunguo mpya bila kuutuma. Jina likianza na AES moja kwa moja, maana yake ni kwamba kivinjari kinatunga siri ya baiti 48, kinaifunga kwa ufunguo wa wazi ulio kwenye cheti cha seva, kisha kinaituma. Anayeweza kuifungua ni mwenye faili la privkey.pem, yaani ufunguo binafsi wa seva. Miunganisho yote ya namna hiyo, ya leo na ya mwaka mzima, inaning'inia kwenye faili hilo moja.

Katika jina la pili, RSA (mfumo huo wa ufunguo wa wazi na wa siri) inatumika kutia saini tu, kuthibitisha kwamba seva ni yenyewe. Ufunguo wa mazungumzo unazaliwa upya kila muunganisho kati ya simu na seva, na pande zote mbili zinautupa wakimaliza. Ukiiba privkey.pem kesho, mazungumzo ya jana huyafungui.

Sasa mfikirie mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba aliyelala gesti, anaingia kwenye mfumo wake wa mauzo kwa Wi-Fi ambayo nywila yake imebandikwa ukutani. Anayenasa mawasiliano ya Wi-Fi hiyo hawezi kusoma kitu usiku ule. Anachoweza ni kuhifadhi. Kurasa za kuingia ni kilobaiti chache. Mamia ya siku yanaenea kwenye flashi moja. Kisha anasubiri ufunguo uvuje. Funguo huvuja: nakala ya seva iliyoachwa kwenye folda ya wazi, fundi aliyehama kazi na faili kwenye laptopu yake, faili lililotumwa WhatsApp ili "uniwekee haraka". Aprili 2014 ilitangazwa Heartbleed, hitilafu ya OpenSSL, programu inayofanya kazi ya kufunga mawasiliano kwenye seva nyingi, iliyomruhusu mtu wa mbali kuvuta hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva kwa kila ombi, funguo binafsi zikiwemo.

Na kuna njia isiyohitaji hata kuiba ufunguo. Mwaka 1998 Daniel Bleichenbacher alionyesha kwamba seva ikijibu tofauti pale siri iliyofungwa kwa RSA inapokuwa na umbo baya, majibu hayo yakikusanywa yanatosha kuifungua siri yenyewe. Mwaka 2017 shambulio hilo lilirudi kwa jina la ROBOT na kukuta vifaa vingi bado vina udhaifu ule ule. TLS 1.3 (toleo la itifaki inayofunga mawasiliano ya tovuti), ya Agosti 2018, iliifuta kabisa njia hii ya kutuma siri kwa RSA, na hatari hizi ni miongoni mwa sababu. Majina yake, kama TLS_AES_256_GCM_SHA384, yanaanza na TLS na yana mistari ya chini, hayo usiyaogope.

Nakubali kwamba Chrome ya leo ikikutana na mstari ule wa HIGH itachagua ECDHE yenyewe. Lakini programu ya zamani kwenye mashine ya kaunta itachukua inachokijua, na mlango umeuacha wazi wewe. RC4, saifa ya zamani, ilipigwa marufuku kwenye TLS Februari 2015, 3DES, nyingine ya zamani, ilianguka kwa shambulio la Sweet32 mwaka 2016, TLS 1.0 na 1.1 zilistaafishwa Machi 2021. Hakuna cha kujadili hapo.

Kwa nginx, andika hivi:

ssl_protocols TLSv1.2 TLSv1.3;
ssl_ciphers ECDHE-ECDSA-AES128-GCM-SHA256:ECDHE-RSA-AES128-GCM-SHA256:ECDHE-ECDSA-AES256-GCM-SHA384:ECDHE-RSA-AES256-GCM-SHA384:ECDHE-ECDSA-CHACHA20-POLY1305:ECDHE-RSA-CHACHA20-POLY1305;
ssl_prefer_server_ciphers off;
ssl_session_tickets off;

Hiyo off ya mstari wa tatu ni kwa faida ya simu za bei nafuu: isiyo na kifaa cha AES ndani ya prosesa itajichagulia ChaCha20, ambayo kwake ni nyepesi zaidi. Ya mstari wa nne ni kwa sababu ufunguo wa tiketi (zinazomrudisha mteja bila kuanza upya) usiobadilishwa unarudisha tatizo lile lile kwa mlango wa nyuma.

Kama cheti uliwekewa na certbot, programu inayoomba na kuweka vyeti, usiandike tu juu yake. Faili lake la options-ssl-nginx.conf tayari lina ssl_ciphers, na nginx -t itakulalamikia kwamba agizo limejirudia. Ondoa ile include kwanza.

Halafu mteja wa Sengerema atapiga simu kwamba tovuti haifunguki. Tafadhali usirudishe 3DES. Mwambie akusomee kosa. ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID kwenye Android iliyo chini ya 7.1.1, na cheti chako ni cha Let's Encrypt (shirika linalotoa vyeti bure), ni suala la cheti mama kisichokuwemo kwenye simu, saifa haihusiki. ERR_CERT_DATE_INVALID mara nyingi ni saa ya simu iliyorudi nyuma baada ya betri kuisha. Ni ERR_SSL_VERSION_OR_CIPHER_MISMATCH peke yake inayokurudisha kwenye orodha yako.

Ukishafanya systemctl reload nginx, jaribu ukiwa nje ya seva:

openssl s_client -connect tovuti-yako:443 -tls1_2 -cipher kRSA

kRSA hapo inaomba saifa za kutuma siri kwa RSA tu, kwa hiyo unachotaka kuona ni Cipher is (NONE). Ikiunganika, na una hakika faili umelihifadhi, fungua /etc/nginx/sites-enabled utafute tovuti nyingine yenye default_server: mipangilio yake inaweza kuwa ndiyo inayofuatwa, na yako haijasomwa.