Polisi jeshi wa Uganda wakikosa, nani awakamate?

Tarehe 17 Februari 2021, polisi jeshi, yaani askari wanaosimamia nidhamu ndani ya jeshi, waliwashambulia waandishi wa habari kwa fimbo nje ya ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa jijini Kampala. Waandishi walikuwa wamemfuata Bobi Wine, mwanasiasa wa upinzani, aliyekwenda kuwasilisha malalamiko kuhusu wafuasi wake waliotekwa. Kesho yake jeshi likatangaza kwamba wahusika wamekwishaadhibiwa, baadhi kwa kifungo cha hadi siku 90, na Mkuu wa Majeshi, Jenerali David Muhoozi, akaomba radhi.

Kasi hiyo ndiyo fahari ya wanaowatetea polisi jeshi, na hoja yao ina uzito. Askari aliyetoroka kambini na bunduki, au anayefanya fujo baa usiku, si mtu wa kukamatwa kirahisi na polisi wa kituo cha mtaani. Polisi jeshi anajua aulize kikosi gani, amwone kamanda gani, na mkosaji anajua kwamba hapa cheo hakitamsaidia. Raia anayeishi jirani na kambi ananufaika na hofu hiyo kila siku. Hata mbali na nyumbani nidhamu ya kijeshi imewahi kufanya kazi: raia saba walipouawa Golweyn, Somalia, Agosti 2021, mahakama ya kijeshi ya Uganda ilikaa Mogadishu na kuwatia hatiani askari watano.

Lakini kasi inaweza kuficha mengi. Machi 2002, huko Kotido, Karamoja, padri wa Ireland, Declan O'Toole, aliuawa. Siku nne baadaye askari wawili walihukumiwa katika kesi iliyochukua muda usiofika saa tatu, wakapigwa risasi hadharani siku hiyohiyo. Rufaa haikuwepo. Padri huyo alikuwa amelalamikia ukatili wa wanajeshi, kwa hiyo swali la kama kuna aliyewatuma lilikuwa la haki kabisa. Likazikwa pamoja nao.

Adhabu za 2021 zinanisumbua kwa njia nyingine. Raia angempasua mwandishi kichwa, angefikishwa mahakamani kwa kosa la jinai, si kufungiwa kambini kwa siku zisizozidi 90. Tena waliopiga ndio walinzi wenyewe wa nidhamu! Polisi jeshi akitolewa kambini kwenda kuzima siasa za mtaani, anatenda kwa amri ya wakubwa walewale watakaomhukumu.

Januari 2025 Mahakama ya Juu ilizuia raia kushtakiwa katika mahakama za kijeshi. Miezi michache baadaye Bunge likapitisha sheria ya kuwarudisha huko kwa makosa fulani. Mjadala wote ulikuwa juu ya raia mbele ya hakimu mwanajeshi. Kwangu mimi, upande wa pili ungestahili kelele hizohizo: askari akimdhuru raia, polisi jeshi wamkamate na kumnyang'anya silaha, kisha wamkabidhi kwa polisi wa kawaida na mwendesha mashtaka wa serikali, ili aliyepigwa aitwe kutoa ushahidi na asikie hukumu ikisomwa mbele yake.