Msiipime kaya ya mwaloni wakati wa giza

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ule wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) unaozipa kaya ruzuku, ulianza mwaka 2012, na faida yake nimeiona kwa macho yangu: sare, daftari, uji wa asubuhi. Sasa gumzo mitaani kwetu ni kuhitimu. Kaya ikionekana imeimarika, inatoka TASAF. Kutoka kwenyewe sikupingi, maana wapo wenye dhiki kubwa zaidi ambao hawajawahi kuingia kwenye orodha. Kinachonikera ni namna kaya zinavyopimwa.

Mchukue mama mjane anayeanika dagaa. Dagaa wa ziwa letu, Victoria, huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa mitumbwi haitoki, na kipato chake kinakatika. Siku za giza utamkuta mwaloni, pale mitumbwi inapotua, alfajiri akigombania ndoo, kisha anashinda juani akigeuza dagaa kwenye chanja na kufukuza ndege. Wakikauka vizuri, jioni ana hela. Mvua ikiwawahi, wanaharibika na kuuzwa kwa bei ya kutupa, wakawe chakula cha kuku. Mtu wa dodoso akifika wiki ya giza ataona hela, ataona unga ndani, ataandika kaya imeimarika. Angekuja wiki mbili baadaye angekuta daftari la madeni dukani.

Kaya za ziwani zipimwe kwa msimu mzima. Na jina likitoka, mhusika aambiwe mapema, tena kwenye mkutano wa mtaa, asije akajua siku malipo yasipoingia.

Nasi walengwa na majirani zao tusibweteke. Asiye kwenye kikundi cha kuweka akiba ajiunge sasa, wakati ruzuku bado inamwezesha kununua hisa. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, iliyosimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024: asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mama watano wa dagaa wakishikamana, wana pa kuanzia.

Ila utazame tena mgawo huo. Babu wa miaka 70 asiye na ulemavu hana fungu lake. Hapa ndipo roho inaniuma. Zanzibar inawalipa pensheni jamii wazee wake waliotimiza miaka 70 tangu 2016. Huku bara hatuna kitu kama hicho. Bibi wa miaka 75 anayelea wajukuu yatima, ukimhitimisha unataka akafanye biashara gani? Mzee wa namna hiyo asiguswe mpaka bara nayo iwe na pensheni ya wazee wote. Wenyeviti wa mitaa ya Ilemela na Nyamagana, hapa Mwanza, wanawajua wazee hawa nyumba kwa nyumba. Waulizwe wao kwanza, kabla jina lolote halijakatwa.