Mwiba wa kutisha

Mshenga wangu keshawasimulia nilivyoumbuka ukweni, tena kwa chumvi ya gunia zima. Uongo wake si mwingi, ila pale anaposema nililia, akome. Machozi yalinitoka. Kulia ni kitu kingine.

Ukweni, Dodoma, juzi Jumamosi. Mzee amepindua baiskeli, anang'oa mbigiri kwenye tairi. Akainua mwiba mmoja. "Kijana, si umesomea kilimo? Mmea huu kitaalamu unaitwaje?"

Jamani! Swali ninalolijua! "Tribulus terrestris, Baba. Jina alilitoa Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753."

Hapo ningefunga mdomo, leo ningelala. (Mnaoniambia kila siku nipunguze maneno, haya, mmeshinda.)

"Vizuri. Na hiyo terrestris maana yake nini?"

Sikuijua. Mdomo ukajijibia wenyewe: "Ya kutisha, Baba. Si unajua Wazungu wanavyosema terori? Mwiba wa kutisha."

Gurudumu lilikuwa linazunguka. Mzee akalisimamisha kwa kidole. Ndani, mama akaacha kuchuja chai. Mshenga, huyo huyo mwenye maneno leo, akawa anakagua kamba za viatu vyake. Mzee akachukua kitambaa, akafuta kidole cha kwanza. Cha pili. Alipofika cha tano nilikuwa nimeloa mgongo mzima.

"Mimi," akasema, "nimefundisha Kilatini seminari miaka ishirini na sita."

Nani aliniambia mzee ni fundi baiskeli? Mshenga!

"Terrere ndiyo kutisha. Terra ni ardhi, nchi kavu. Shina lake ni lile lile la ukavu. Terrestris, ya ardhini. Mmea umejilalia chini hivi, unamtisha nani?"

Nikarudi nyuma nikae kwenye kigoda. Kigoda kilishahamishwa. Nikaenda chini wima wima, juu ya rundo la miiba aliyoing'oa. Tribulus asili yake ni Kigiriki, ncha tatu. Mimi nilihesabu zaidi.

Mzee akanitazama kwa huruma ya mwalimu. "Na aliye chini namna hiyo ni humilis. Kutoka humus, udongo. Ndiyo mnyenyekevu."

Basi, miiba ikatolewa, chai nikainywa nimesimama, mahari ikatajwa, tumekubaliwa. Mchumba kanisevu kwenye simu "Terrestris".

Sharti limebaki moja: Jumapili nirudi nimekariri maumbo ya neno hilo kwa Kilatini: terrestris, terrestris, terrestre, umoja na wingi. Mwenye daftari la seminari anitafute faragha. Nipo, ila kukaa bado.