Gari Ilinikana Mbele ya Mama Mkwe

Ile video ya gari yangu kugoma bandarini mbele ya trafiki naona ishafika mpaka Wete, kule Pemba, na sahibu yangu aliyeirusha kaitia chumvi kuwa nilitiwa pingu. Sikutiwa. Kaeni kitako niwape yenyewe.

Malindi bandarini, hapa Unguja, mama mkwe kashuka boti ya Pemba, kakaa nyuma na kapu la mastafeli na jogoo wake. Natia ufunguo, nawasha: gari inanguruma, inakohoa, kimya. Tena. Kimya. Kwenye dashibodi kile kitaa chekundu cha wizi kinapepesa tu. Si mnakijua, kile kinachotakiwa kizime ukishatia ufunguo? Changu kilikuwa na harusi yake.

"Betri ya ufunguo hiyo," kasema muuza maji. Nikakimbilia Darajani, nikanunua, nikabadilisha. Wapi! Ndipo fundi mpita njia ananiambia betri ile ni ya vibonye vya milango tu, chipu iliyomo kichwani mwa ufunguo, ile gari inayoutambulia ufunguo wake, haihitaji betri. Kaniacha nilipe kwanza, mwana wa watu.

Nyuma honi. Akaja trafiki, taratibu, anajifuta jasho. Akainama dirishani. Akaitazama taa. Akanitazama mie. Akaitazama taa tena.

"Taa ya nini hii?"

Na mie, ulimi huu: "Ya wizi, afande."

Jogoo akawika. Wallahi sizushi. Mama mkwe akajiweka sawa buibui lake, akauliza kwa ile sauti yake isiyo na haraka: "Baba, gari hii ya nani?"

"Yangu, mama."

Trafiki akadakia: "Mbona yenyewe haikujui?"

Bandari nzima kicheko. Kuna mchukuzi aliweka mzigo chini ili acheke vizuri. Sahibu yangu naye hapo ndipo alipotoa simu badala ya kunisaidia.

Mzee mmoja wa teksi ndiye aliyenistiri. Kazitazama funguo, kauchomoa wa gari ya ofisini uliokuwa kwenye pete moja na wangu. Nao una chipu. Vichwa viwili vikikaribiana pale kwenye swichi, gari inasoma vurugu, inajizima. Akautia wangu peke yake. Taa ikazima, gari ikawaka. Nikaonesha kadi, tukaondoka, hakuna aliyesema neno mpaka Kiembe Samaki.

Usiku baba mkwe kapiga kutoka Wete. Hata salamu hakumaliza: anataka nimtumie picha ya kadi ya gari, mbele na nyuma.