Tembo Hawakuila Reli ya Portland

Mwezi Septemba 2013, bustani ya wanyama ya Oregon, mjini Portland, Marekani, ilisimamisha treni yake ndogo ya abiria ili kupisha ujenzi wa makazi mapya ya tembo. Treni iliporudi ilikuwa imebaki kuzunguka ndani ya bustani tu. Njia ya zamani, iliyopita msituni hadi kwenye bustani ya waridi ya Washington Park, haikurudi nayo. Tangu hapo wapenzi wa reli wamelalamika kwamba tembo wameila treni, na watetezi wa wanyama wamejibu kwamba, ikiwa ni kuchagua, basi na iliwe.

Reli yenyewe si mchezo wa juzi. Ilianza mwaka 1958, na upana wake ni milimita 762, pungufu kwa karibu robo mita ya reli ya zamani ya Tanzania yenye mita moja. Kichwa chake kinachojulikana zaidi, Zooliner, kiliundwa kwa kuiga treni ya Aerotrain ya General Motors, na barua zilizotiwa ndani ya treni hiyo zilipigwa mhuri wake wenyewe wa posta. Hoja nzito ya watetezi wake, hata hivyo, si ukongwe. Ni kwamba njia ndefu ilimfikisha mtu mahali, ilhali mzunguko uliobaki humrudisha abiria pale pale alipopandia, tena kwa tiketi anayoilipia mbali na kiingilio.

Upande wa pili una hoja isiyopuuzika. Bustani hii imejipatia sifa kwa tembo: mwaka 1962 alizaliwa hapo Packy, tembo wa kwanza kuzaliwa katika bara lote la Amerika baada ya miaka 44. Makazi mapya, yaliyokamilika Desemba 2015, yana ekari 6, na kwenye bustani iliyobanwa na miteremko ardhi hiyo isingepatikana bila kuisogeza reli. Bustani ya wanyama ya Whipsnade, Uingereza, mgogoro huo hawaujui, kwa kuwa wana ekari zipatazo 600. Treni yao ya tangu 1970, yenye upana ule ule wa milimita 762, hupita ndani ya uzio wa faru wa Asia bila mtu kulalamika.

Ipo pia hoja ya usalama, ambayo wapenzi wa treni hizi huiruka upesi mno. Mwaka 2011, katika bustani moja ya mapumziko mjini Spartanburg, South Carolina, treni ndogo iliacha reli na mtoto wa miaka 6 akafariki. Mkaguzi wa serikali alikiri baadaye kwamba hakuwa ameijaribu ikitembea, kwa kuwa betri ilikuwa imekufa, ingawa fomu ilionyesha imefaulu. Sidhani angethubutu hivyo kwa treni ya kawaida. Udogo wa chombo huwafanya watu wazima waukague usalama wake kama wanaokagua mwanasesere.

Kwa maoni yangu, wanaobishana Portland wamefunga magunia mawili kwa kamba moja. Tembo walihitaji nafasi ndani ya bustani, wakaipata, na treni ikatengenezewa mzunguko mpya. Msituni hawakudai hata hatua moja. Kilichoikwamisha njia ndefu ni mlima, kwani udongo uliporomoka karibu na kituo cha chini, kule kwenye waridi, na kuuzuia usiteleze tena ni kazi ghali. Ghali kwa faida ipi, ndipo penye utata. Treni ya mjini ya MAX husimama mlangoni pa bustani, na basi la bure huwapeleka watu kwenye waridi, kwa hiyo dai la usafiri limepungua nguvu. Kinachobaki ni ile safari ya kupenya msituni kwa mwendo wa taratibu, ambayo mzee au mtu wa kiti cha magurudumu haipati kwa njia nyingine. Mwaka 2008 wapiga kura waliidhinisha hatifungani za dola milioni 125 kwa ajili ya bustani hiyo, tembo wakiwa mbele. Swali la mlima lingeweza kupelekwa kwao vivyo hivyo, likiwa na gharama yake na bila tembo ndani yake.